Mkono Wangu, Mguu wa Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Nimepimwa mkono. Kliniki ya viungo bandia, chumba namba nne, harufu ya plasta na gundi. Fundi ni dada mmoja mwembamba niliyembatiza jina la Milimita, maana hawezi kumaliza sentensi bila kutaja milimita. Amekizungushia kigutu changu futi mara kumi na moja. Nikamwambia dada, hicho ni kigutu, siyo kiwanja. Hakucheka.

Mkono wenyewe nimeuona. Vidole vitano vya umeme, kila kimoja na mota yake, vinafumba na kufumbua kwa kusikiliza msuli uliobaki. Rangi ya ganda unachagua. Milimita alinishauri nichukue inayofanana na ngozi yangu. Nimechagua dhahabu. Nimesubiri miaka miwili, halafu nipewe kitu kisichoonekana?

Masharti sasa. Mkono upo mmoja tu. Kifuko kigumu cha kuvalia kitakuwa tayari wiki ijayo. Mpaka hapo mkono nakaa nao nyumbani, umesimamishwa kwenye kibao, na waya mbili zenye vibandiko vya kubandika chini ya kiwiko. Niufumbe na kuufumbua mara elfu tatu kabla ya Jumatatu. Unahesabu wenyewe na kutuma idadi kwenye simu ya Milimita. Nikishindwa, unakwenda kwa wa pili kwenye orodha: mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye tai, ambaye hukaa benchini akikunja na kukunjua kigutu chake huku midomo ikihesabu. Amenitakia kila la heri. Mnafiki!

Nikapitia saluni kumpa habari mwenye saluni, tunayemwita Tajiri. Miaka kumi na miwili nimenyoa pale, kiti cha pili kutoka mlangoni. Sasa anakitumia Bwana Fedi, anayenyoa vichwa vyote mtindo mmoja. Tajiri amesema nikija Jumanne ijayo na mikono miwili, kiti ni changu. Nisipokuja, ni cha Fedi moja kwa moja. Simlaumu. Kinyozi wa mkono mmoja ana shida moja tu: nani atamgeuza mteja kichwa? Mwezi uliopita Tajiri alinijaribu, nikamwomba bwana harusi ajigeuze mwenyewe. Akageuka ghafla. Alifunga ndoa akiwa na nyusi moja.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Milimita alisema niufikirie mkono usiokuwepo, kisha niufumbe. Rahisi kusema! Mkono ule ulibaki kwenye mashine ya kukandia unga ya kiwanda cha mikate, nilipokuwa natafuta simu yangu iliyodondokea humo. (Mtaani wanajua ni mamba. Waendelee kujua hivyo.)

Saa nzima nimekunja uso na kuuma meno. Jasho mpaka mgongoni. Mkono umefumba mara kumi na nne, na nne kati ya hizo nilikuwa napiga chafya.

Alasiri nikakaa kumtazama mke wangu akishona. Sketi za sare za shule, amepewa mia mbili, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga. Chaka, chaka, chaka, kutwa nzima. Shavu la mguu linapanda, linashuka. Linapanda, linashuka.

Msuli si msuli tu?

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia mke wangu kliniki wametoa vibandiko vya kupunguza uvimbe wa miguu. Na miguu yake inavimba kweli, kwa hiyo uongo wenyewe ulikuwa nusu. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akanyoosha mguu. Nikabandika. Mkono nikauficha nyuma ya marobota ya vitambaa.

Akakanyaga. Mkono ukafumba! Akaachia. Ukafumbua! Nilitoka nje nikacheka hadi nikashika ukuta. Kufika adhuhuri: elfu moja mia nane na sita. Mimi nilikuwa nimelala chali kwenye mkeka.

Jioni nikaenda saluni kumkosoa Fedi bure bure.

Alhamisi, 6 Machi

Nimebambwa. Mke wangu alivuta robota akitafuta zipu, akakuta mkono wa dhahabu unamfumbia na kumfumbulia. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. Aliuliza kwa upole huo ni nini. Nikaeleza, sehemu.

Akakanyaga taratibu. Mkono ukafumba. Akaachia, ukafumbua. Akarudia. Kisha akachukua ncha ya pindo la sketi, akaipachika kati ya vidole, akakanyaga. Mkono ukaishika, ukanyoosha kitambaa sawasawa.

Mke wangu akasema, "Miaka kumi na mitano naomba mtu wa kunishikia pindo."

Nikasema mimi nipo. Akanifungulia mlango nitoke.

Leo ameshona sketi arobaini. Kawaida ni ishirini na tano. Mkono wangu nimekatazwa kuugusa saa za kazi.

Ijumaa, 7 Machi

Milimita amepiga simu. Sauti inamtetemeka kwa furaha. Elfu tisa mia sita na arobaini! Hajawahi kuona. Amesifu mdundo wangu, jinsi ulivyo sawa, na jinsi ninavyopumzika kwa nidhamu wakati wa chakula cha mchana. Jumatatu wanakuja wageni, wakubwa wa hospitali na waliotoa msaada wa mkono. Anataka niwaonyeshe. Nikakubali kwa unyenyekevu ambao sina.

Nikaomba marekebisho. Mshiko wa chanuo: amekubali, ataupanga. Kidole kimoja kiweze kumnyooshea mtu fulani akiwa kiti cha pili kutoka mlangoni: amekataa. Halafu, kabla ya kukata simu, akasema hivi hivi tu kwamba mkono huu hujifunza. Kadiri unavyotumika, ndivyo unavyouzoea msuli wa mwenyewe na kuacha kusikia mwingine wowote. Kwa sasa, amesema, utakuwa unaujua msuli wangu kuliko mama yangu.

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Na wakati huo nilikuwa nimeshamwalika Tajiri aje kutazama. Mdomo huu!

Jumamosi, 8 Machi

Nimebandika vibandiko mkononi kwangu. Kimya. Nimeufikiria mkono wangu wa kushoto, nimeifikiria mikono ya kushoto ya ukoo mzima. Kimya. Mkono unamsubiri mke wangu.

Nimejaribu kwenye shavu la mguu wangu mwenyewe. Baada ya saa nzima ya kukanyaga hewa, kidole gumba kikacheza. Baada ya mbili, mkono mzima ukafumba. Nimeokoka!

Mpango: Jumatatu vibandiko viko mguuni, waya inapanda ndani ya suruali, inapita chini ya shati, inashuka kwenye mkono wa shati, inaingia kwenye kifuko. Kuna tundu lake, Milimita alinionyesha. Nitakuwa nakanyaga kidogo kidogo, watadhani nina muziki moyoni.

Mke wangu ameuliza kwa nini nisimwambie dada wa watu ukweli, nianze upya kwa mkono wangu. Kesho ni Jumapili, siku nzima iko wazi. Nikamjibu hii ni teknolojia, hataielewa. Akasema ameielewa mara elfu tisa mia sita na arobaini.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa jikoni kwa sababu sebuleni kuna mke wangu na hanisemeshi.

Chumba namba nne kilijaa. Wageni saba. Mkubwa wa hospitali na koti jeupe. Tajiri amesimama mlangoni na mikono nyuma. Benchini nje, Mwalimu na tai yake. Nilimwomba Milimita nivae kifuko mwenyewe, pembeni, nikasingizia haya. Nikachomeka waya. Nikatoka na dhahabu yangu.

Kikombe. Nikakanyaga, mkono ukashika. Nikanyanyua, nikaweka, nikaachia. Makofi! Chanuo. Ukalishika barabara, ukalisimamisha pembeni mwa kichwa cha sanamu, pale pale linapotakiwa. Nikamwona Tajiri anatikisa kichwa kukubali. Kiti changu kile pale! Ningekuwa na akili ningejidai naumwa, nikaenda nyumbani.

Milimita akanipa yai. Nilipeleke kwenye meza ya dirishani. Hatua sita.

Sikuwa nimezifikiria hatua. Mtu akitembea, mguu unakaza na kulegea, unakaza na kulegea. Yai lilifika hatua ya kwanza. Mkono ukaendelea kufumba na kufumbua ute mpaka dirishani, mbele ya wageni wote.

Walicheka kwa huruma. Mkubwa, mtu mwema, akaja kunipoza. Akaninyooshea mkono tusalimiane, akauchagua ule wa dhahabu. Nikakanyaga, nikamshika. Na hapo hapo, baada ya siku mbili za kukanyaga hewa, shavu la mguu likakakamaa. Kila lilivyokaza ndivyo mkono ulivyobana. Mkubwa alitabasamu. Kisha akaacha. Mguu ukikakamaa dawa ni kulala chini na kuunyoosha. Nikalala chini. Mkubwa akaja nami.

Milimita akaona waya imechungulia kwenye pindo la suruali. Akaifuata kwa macho, mguuni mpaka begani. Akainama akaichomoa. Mkono ukafumbua.

"Kaka," akasema, "huu ndio mguu uliopiga elfu tisa?"

Nikasema hapana. Ni wa mke wangu.

Hakufoka. Ningependa afoke. Alisema tu kwamba jina langu alishaliandika kwa wino, na kwamba Mwalimu amekuja kwa miguu kila siku wiki nzima kufanya mazoezi kwa kitaa cha kliniki kinachowaka msuli ukikaza. Akafuta kila kitu mkono ulichojifunza. Akamwita.

Mwalimu akanyoosha tai. Akabandikwa, mkono ukafungwa kwa mikanda kwenye kigutu chake. Akafumba macho kidogo, anafikiria. Mkono ukafunguka polepole, ukachukua yai jingine kwenye trei, ukaliinua. Hakuwapa wageni. Alinigeukia mimi niliyekaa sakafuni, akaniwekea yai kwenye kiganja cha kulia.

"Shika, mdogo wangu," akasema. "Pole sana."

Alimaanisha. Na mimi wiki iliyopita nilimwandika nini humu? Nimeona haya kufungua ukurasa ule.

Ameuliza kama rangi inaweza kubadilishwa. Haiwezi, mpaka mzigo mwingine ufike. Atakwenda misibani na harusini na dhahabu yangu.

Jumanne, 11 Machi

Tajiri amenipa mfuko. Ndani aproni yangu na brashi yangu ya shingo. Hakusema neno baya. Fedi alizima mashine ya kunyolea mpaka nilipotoka, na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka. Nimelia nyuma ya saluni, penye ndoo za nywele. Nimelia sana. Sikuwa naulilia mkono wa dhahabu. Nilikuwa nalilia vichwa. Kumshika mtu kichwa, akakuachia uzito wote, ukamgeuza taratibu akiwa amefumba macho.

Mke wangu naye ana msiba wake. Amerudia kushika pindo kwa meno. Sketi ishirini na nne.

Mchana Milimita alikuja mwenyewe na kiboksi. Kina taa ndogo na vibandiko viwili. Jina langu limebaki kwenye orodha, namba tatu. Nikiwasha taa mara elfu tano kabla mzigo haujafika, nitafikiriwa tena. Kiboksi hiki kinahesabu tu, hakijifunzi. Aliniambia haya akimtazama mke wangu. Halafu akamuuliza kama siku moja anaweza kuja kliniki kuwaonyesha wagonjwa ule mdundo wake.

Alipoondoka, mke wangu akanibandika vibandiko mkononi mwenyewe. Akakaa kando yangu, cherehani imenyamaza. Nikafikiria kidole kidogo, kile nilichokuwa nakunjia sikio la mteja nikizunguka nyuma yake. Nikamkumbuka mzee mmoja mwenye masikio makubwa. Nikalikunja.

Taa ikawaka.

Kidole nilikisikia, nakiri kabisa. Kilikuwepo. Mke wangu akajifuta uso na sketi ya shule ya watu, akasema, "Moja."

Jumatano, 12 Machi

Thelathini na saba! Zote zangu. Mkono unauma kwa ndani, uchungu mtamu. Nimemwapia mke wangu: mwisho wa ujanja. Nimekuwa mtu mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Leo kumi na mbili tu. Nimebakiza elfu nne mia tisa na hamsini. Mtu mwingine ana mwendo wa pole mno.

Nimekaa dirishani kupumzika. Ng'ambo ya barabara kuna fundi baiskeli, anajaza matairi upepo kwa pampu ya mkono. Juu, chini, juu, chini. Tangu asubuhi. Mkono una misuli imejichora mpaka naiona kutoka hapa. Na analalamika kiwiko kinamsumbua, maskini, hana wa kumpa hata vibandiko vya kupunguza maumivu.

Nimeangalia tena, nisije nikakosea. Ni mashoto! Anapampu kwa mkono wa kushoto!

Kosa langu lote, sasa naliona wazi, lilikuwa kutumia mguu.