Viraka vya Kiti cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimempiku Sindano. Huyu ndiye mdarizi wa ng'ambo ya barabara, na kila kofia yenye maandishi katika mtaa huu imepita mikononi mwake. Lakini Kapteni wa klabu ya matembezi, mstaafu mwenye viatu visafi kuliko sahani zetu, amepita mlangoni kwake bila kugeuka akaja kwangu. Anataka kofia ishirini na nne, kila moja na kiraka cha ngozi mbele, kimechongwa nembo ya klabu kwa leza. Za matembezi ya Jumamosi. Nikamwambia ngozi ninayo. Ngozi sina, ila hayo ni mambo ya ndani ya karakana, hayamhusu mteja.

Sindano alichungulia dirishani. Nikampungia mkono kwa upole wa mshindi.

Jumanne, 4 Machi

Nimenunua ngozi sokoni. Muuzaji aliapa kuwa ni ya ng'ombe. Leza ilipoigusa, ikayeyuka na kutoa moshi wa kukaba koo. Plastiki tupu. Ng'ombe huyo hajawahi kula majani. Duka la ngozi halisi linasema mzigo utafika wiki ijayo.

Nimerudi nyumbani kufikiri. Macho yakatua pembeni mwa sebule. Kiti cha baba mkwe!

Marehemu alikikalia miaka thelathini. Kila alipotaka kukaa alianza kwa kutikisa komeo la geti mara mbili, akakohoa mara mbili, akasugua goti la kushoto, kisha akaniangalia na kusema kwamba huyu kijana akili anazo, tatizo hazikai mahali pamoja. Alipofariki mwaka jana, mke wangu hakutaka kitu kingine kwao. Aliomba kiti tu. Mkono wa kushoto wa kiti una mkwaruzo wa ufunguo alioutia akiwa na miaka sita, na baba yake hakumgombeza. Kila akipita huugusa kwa kiganja.

Ngozi nene. Kahawia. Imelainika yenyewe. Na hakuna anayekikalia.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimemwambia mke wangu sponji imebonyea, ninakipeleka kwa fundi wa makochi, iwe zawadi. Alinishukuru hadi machozi yakamlenga. Nimejisikia vibaya, tena si kidogo. Lakini mzigo ukifika wiki ijayo nitakivalisha ngozi mpya, wala hatajua. Za mwizi ni arobaini. Mimi si mwizi, na kofia ni ishirini na nne.

Jumatano, 5 Machi

Sijawahi kuona ngozi inayopokea leza hivi. Mistari myeusi, safi, kingo hazikuungua. Nimetoa viraka ishirini na vitano. Kile chenye mkwaruzo nimekibandika kwenye kofia yangu mwenyewe, kiwe tangazo. Mkwaruzo unakipa sura ya kale, na wateja hupenda vya kale.

Jambo moja tu. Ngozi ikichomwa hunuka nywele zilizoungua. Hii imenuka tumbaku ya kiko na dawa ya kuchua. Nikafungua dirisha. Nilipolifungua, mtu akakohoa nyuma yangu. Mara mbili.

Nilikuwa peke yangu. Feni ya mashine inahitaji mafuta.

Alhamisi, 6 Machi

Kapteni amekuja kuchukua mzigo. Alisifu sana. Akajaribu kofia moja mbele ya kioo. Akaenda mlangoni, akatikisa komeo mara mbili. Akakohoa. Akaniuliza, kwa sauti nzito kuliko yake, kama binti yake hajambo.

Nikasema hajambo. Ulimi ulijibu kabla yangu.

Kisha akashtuka, akasema yeye hana binti, ana wavulana watatu. Nikamweleza kwamba kofia mpya hubana damu, atazoea. Aliondoka akichechemea mguu wa kushoto. Alipoingia alikuwa anatembea vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Sindano amekuja mwenyewe dukani kwangu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alikuwa hacheki. Anasema amewaona wanaklabu mtaani wamevaa kofia zangu, kila mmoja anakagua mageti ya watu. Muuguzi mstaafu, tarishi, hata yule kinyozi mnene. Akaniuliza nimetia nini kwenye gundi. Nikamjibu kwamba siri ya mtungi aijuaye kata.

Alipotoka nikatazama nje. Wanaklabu walikuwa wamesimama kando ya barabara, mchana kweupe. Wote wanasugua goti. Nikateremsha pazia. Nakiri nimeogopa.

Nyumbani mke wangu ameuliza kiti kinarudi lini. Anasema tangu juzi mimi ninanuka kiko. Nikasema fundi wa makochi anavuta sana. Akanusa kola yangu, akaondoa vikombe. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi ndiye niliyekaa nayo mezani.

Jumamosi, 8 Machi

Matembezi yalikuwa yaende mlimani. Yamekuja kwetu.

Tulikuwa tunakunywa chai. Nikasikia komeo la geti, ka, ka. Kimya. Ka, ka. Nilihesabu hadi arobaini na nane. Wakaingia mmoja mmoja, bila hodi, wanachechemea, wakaizunguka ile pembe tupu ya sebule ambako zulia lina alama za miguu minne ya kiti. Wakakohoa kwa pamoja mara mbili. Kapteni akapapasa hewa nyuma yake akitafuta pa kukaa. Hakuna kitu. Ndipo wakanigeukia wote, na kwa sauti moja, polepole, wakasema huyu kijana akili anazo, tatizo hazikai mahali pamoja.

Mke wangu hakupiga kelele. Alimsogelea yule muuguzi, akaweka kiganja kwenye kiraka cha kofia yake, akakiacha hapo muda mrefu. Akasema, Baba. Kisha akaniuliza kiti kiko wapi.

Nikasema kwa fundi wa makochi. Akauliza fundi gani. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia kwenye zulia.

Alizivua kofia zote ishirini na nne mwenyewe, moja baada ya nyingine, na kila aliyevuliwa alipepesa macho akauliza amefikaje hapa. Hakunitukana. Alilia tu, na mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amekitoa kiti karakanani kwangu, amebandua viraka na kuvirudisha kwenye kiti, kila kimoja mahali pake. Aliyevishona ni Sindano. Hakutaka hata chai. Klabu nayo imempa Sindano kazi ya kudarizi kofia upya. Sasa tuna kiti chenye nembo ya matembezi mara ishirini na nne, na harufu ya kiko imekoma.

Limebaki tundu moja, kwenye mkono wa kushoto. Mke wangu aliniuliza kiraka chenye mkwaruzo kiko wapi. Nikasema kiliungua kwenye leza. Akaitikia kwa kichwa. Kila akipita, kiganja chake kinafika hapo, kinasita.

Nitamrudishia. Ila ndicho tangazo langu bora, na kiraka kimoja hakiwezi kumdhuru mtu. Kofia naivaa nikiwa stoo tu, kama sasa.

Mama mkwe amekuja kukiona kiti. Amekuja na mkoba wa ngozi ya zamani, nene, safi sana, ameuacha juu ya kabati. Nimeupima kwa macho. Viraka tisa. Kisha nimekwenda kutikisa komeo la geti, mara mbili, nikarudi kuandika haya nikisugua goti. Mkoba huo nilimnunulia mke wangu mwaka tuliooana, na kijana asiuguse. Akili anazo. Tatizo hazikai mahali pamoja.

Sijui mistari hiyo ya mwisho imeandikwa na nani. Mwandiko ni wa kizee, umelala upande. Nimeupima mkoba tena, safari hii kwa rula. Nikifumua na mishono, viraka kumi.