Kumi na Nane ya Dheere

Anayesema Garissa hakuna burudani hajawahi kukaa kwenye benchi la Mulki, mama wa chai, nyuma ya soko la mifugo, saa nne asubuhi, biashara imepoa na chai ya maziwa ya ngamia imepamba moto. Wenyewe tunaita fadhi-ku-dirir, yaani vita vya kupigana umekaa. Hakuna aliyewahi kushinda, na hakuna aliyewahi kunyamaza.

Siku hiyo vita vilianzishwa na Redio. Jina lake ni Maow, lakini akishaswali alfajiri anawaka, hazimiki mpaka isha.

"Mmesikia habari? Wazee wenye ugonjwa wa tezi dume wametolewa damu, ikapimwa homoni ya kiume. Wengine homoni iko juu, wengine iko chini, na wote wanaumwa! Ati dume hasa na dume jina, ugonjwa hauulizi."

"Uongo!" akaruka Gaab. Huyu ni dalali wa mbuzi, mfupi kiasi kwamba hata akisimama tunamwambia asimame, na kwake kila 'p' hugeuka 'b'. "Hiyo ni ugonjwa ya watu ya Nairobi, wanakula kuku ya siku thelathini. Mtu amekunywa maziwa ya ngamia miaka sitini, ugonjwa itabita wabi?"

"Na wewe usiku unaamka mara ngapi kwenda chooni?" Mulki akauliza, macho kwenye sufuria.

"Mara tano. Lakini hiyo ni chai yako."

Tulicheka mpaka benchi likalia. Ndipo Dheere akakohoa. Dheere ni Diriye, dalali wa ngamia, mrefu wa mwili na mrefu wa majigambo. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Nyinyi mnaongea ya redio. Mimi niko na ushahidi. Alhamisi watu ya hospitali walikuja kupima wazee bure, pale kwa hema. Karani, soma, hawa wajinga wasikie."

Karani ni mimi. Nilimaliza kidato cha nne, na tangu hapo sijapumzishwa. Karatasi ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ni homoni ya kiume, na ilikuwa ya kawaida kabisa. Wa pili uliandikwa PSA, na mbele yake kumi na nane, imezungushiwa kalamu nyekundu.

"Kumi na nane!" Dheere akapiga goti. "Mpaka daktari mwenyewe ameshangaa, ameizungushia. Kuna mzee wa Elwak tu amenishinda, yeye amepata ishirini na moja. Nikasema nipimwe tena, wakakataa. Wivu!"

"Mashallah," akasema Gaab kwa huzuni, maana yeye hakupimwa.

"Nimepiga picha, nimetuma Ijara kwa kaka zake Arbia."

Arbia ni mjane ambaye Dheere amemposa tangu mvua zilizopita, na kaka zake wanajivuta.

"Umetuma karatasi ya damu kwa wakwe?" Mulki aliacha kukoroga.

"Posa bila ushahidi ni maneno tu. Na wamejibu hapo hapo. 'Pole sana adeer, Allah akupe wepesi.' Nikasema, wallahi hawa watu wana heshima, wananiita adeer, ami yao."

Ikabidi nimwambie. Sikupenda, lakini ikabidi. "Dheere, hii namba ni ya tezi dume, ikipanda si sifa. Wanataka iwe nne hivi, au chini. Na hapa wameandika urudi Jumatatu uonwe na daktari."

"Hapo nimeona. Nilidhani wanataka picha yangu wabandike ukutani."

Redio akazimika kabla ya isha. Dheere akaichukua karatasi, akaikunja tena mara nne.

"Ndugu yangu kule Tarbaj alianza hivi," akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mkojo inakataa, anaficha. Aibu. Tukamzika, mpaka leo hakuna mtu ametaja ugonjwa. Mimi siendi Jumatatu. Nikienda wataniambia."

Nilimwonea huruma, na nilimwogopea. Lakini Gaab hawezi kuvumilia huzuni zaidi ya dakika moja.

"Warya, wewe ni dalali au mtoto? Kumi na nane ni bei ya kuanzia! Nani ananunua kwa bei ya kuanzia? Na mwenye mali huyo anakuja!"

Kweli, daktari Khalif, aliyesimamia lile hema, alikuwa anakuja kutafuta chai. Kijana wa watu, baba yake aliuza ngamia soko hili hili. Dheere akavua shali lake begani.

"Daktari, kaa hapa. Lete mkono."

Kwetu bei ya ngamia haitangazwi. Wawili wanashikana mikono chini ya shali, vidole vinasema, na walio pembeni wanaambulia kutazama nyuso. Khalif alitabasamu, akaingiza mkono.

"Dheere ametoa nne!" Gaab akatangaza. "Naona kwa nyusi!"

Khalif akatikisa kichwa. Dheere akabana midomo.

"Amefika tano! Sita! Dheere, usikimbie!"

"Adeer," akasema Khalif kwa upole, "hii haishuki kwa mkono. Inaweza kuwa tezi imevimba kwa umri tu. Inaweza kuwa maambukizi. Inaweza kuwa kansa, na ikiwahiwa inatibika. Damu imebisha hodi, haijasema ni nani yuko mlangoni. Lazima nikupime mwenyewe, tezi hufikiwa kwa nyuma."

"Unapima na nini?"

Khalif hakujibu kwa mdomo. Shali lilitikisika kidogo. Dheere akamtazama Khalif, akalitazama shali, akautazama mkono wake mwenyewe, kisha akauchomoa na kuuficha kwapani.

"Jumatatu saa mbili, adeer," akasema Khalif. Akanywa chai yake kwa mafunda matatu, akaenda zake.

"Mmefika wabi?" Gaab hakuweza kungoja.

"Kidole kimoja."

"Kimoja! Kutoka kumi na nane! Wallahi wewe ndiye dalali!" Gaab alikuwa juu ya benchi sasa. "Lakini kimoja ya nini? Ni kumi? Ni mia? Ni elfu?"

"Hapana, Gaab. Hii kimoja ni kimoja. Na ni chake yeye."

Mulki ndiye aliyeelewa kwanza. Aliweka mwiko chini, akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanatikisika.

"Na utaenda?" nikamuuliza.

Dheere alisimama, urefu wake wote, akajifunga shali vizuri.

"Nitaenda. Arbia hawezi kuolewa na kaburi." Akatugeukia, mmoja mmoja, kwa ukali wa mtu aliyefunga biashara. "Lakini hapa naona madalali wengi. Bei imekubaliwa. Wallahi, mtu asiongeze."