Kiti cha Mjukuu na Meli ya Kuvuka Bahari

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu mpendwa, salamu nyingi kutoka kwa babu yako. Hujambo humo ndani? Unalala vizuri? Nasikia unapiga mateke kweli kweli. Piga tu. Ni damu yangu hiyo. Sisi huku tu wazima, Mungu ni mwema, isipokuwa goti langu la kushoto, nalo kulalamika ni kazi yake.

Nimeanza kukuandikia shajara hii ili siku ukijua kusoma umjue babu yako ni mtu wa namna gani. Mengine ni siri. Bibi yako asiyaone.

Habari kubwa! Mama yako amepiga simu. Anatuita tuvuke bahari tuje kukupokea, maana unatarajiwa mwanzoni mwa Aprili. Baba yako atashughulikia tiketi. Kazi yetu sisi ni kuchagua tu: ndege au meli. Ndege, unalala huku unaamka huko. Meli, kama siku kumi hivi.

Bibi yako hakungoja hata simu ikatwe. Ndege, akasema. Nikamwambia jambo kubwa kama hili haliamuliwi hivi hivi, tuombe kwanza. Nikaingia chumbani, nikaomba. Jibu likaja papo hapo. Meli!

Sababu ni kiti chako. Mimi ni fundi makochi, na sijisifu, lakini makalio ya mtaa huu mzima yananijua. Nimekutengenezea kiti cha mama yako kukunyonyeshea. Mikono mipana, mgongo ulioinama kidogo, springi zisizolia. Kitambaa cha kijani, vifungo nimevifunika kwa mkono wangu kimoja kimoja. Ndege haiwezi kubeba kiti kama hicho. Meli inabeba.

Ipo sababu ya pili, ndogo tu. Mawingu. Huyu ni kinyozi, kibanda chake kimepakana na karakana yangu. Alipanda ndege mara moja, miaka mingi iliyopita, na mpaka leo hajashuka. Ukikaa akunyoe ndevu atakueleza mawingu aliyoyaona dirishani. Ukiinamisha kichwa, mawingu. Begi lake bado lina kile kikaratasi cha uwanja wa ndege, na mvua ikinyesha analivalisha mfuko. Waliopanda ndege mtaani kwetu wapo. Aliyevuka bahari kwa meli? Hakuna. Bado.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda ofisi ya safari. Dada wa pale ana adabu sana, aliniita mzee mara nyingi mpaka nikaanza kujisikia vibaya. Amenipa kijitabu cha picha. Mjukuu wangu, ile si meli, ni mtaa unaoelea! Chakula asubuhi mpaka jioni. Ukumbi wa sala. Watu wanatembea juu kwa mapozi, kofia kichwani, hakuna anayemkimbiza mwenzake. Mizigo, beba unayoweza. Na unafika pole pole, mwili na roho pamoja, siyo kama wale wa ndege ambao mwili umefika na akili bado iko njiani.

Nimeandika faida ukurasa mzima. Hasara nimeziandika pembeni, kwa penseli. Kwamba bahari inachafua tumbo. Kwamba ukigombana na mtu hakuna pa kwenda, mtaonana naye kila mlo. Kwamba simu huko katikati ni ya kubahatisha. Kwamba kuna maji kila upande, nami sijui kuogelea. Nimeona ukurasa unachafuka, nikazifuta.

Bibi yako kauliza swali moja tu. Je, mtoto akija kabla ya meli? Nikamweleza kitaalamu kwamba watoto wa kwanza huchelewa, hata mama yako alichelewa. Akaniuliza nimejua wapi, maana siku hiyo mimi nilikuwa karakanani nikipigilia kochi la watu, na mama yako nilimwona keshavalishwa soksi. Nikaona si vyema kubishana na mtu aliyeshika pasi ya moto.

Amekubali meli. Kwa shingo upande, lakini amekubali. Kwa sababu ya kiti.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimeshughulikia suala la tumbo. Kwa akili, siyo kwa dawa. Nimechukua kochi, nikalining'iniza kwenye boriti kwa mikanda ileile ninayosukia makochi. Meli kamili! Nikapanda. Nikamwomba Mawingu anisukume kidogo tu, kama mawimbi ya asubuhi.

Mtu yule ana kinyongo. Alisukuma kama anayefukuza mwizi. Akawa anapiga kelele eti mzee, hapa tunapita dhoruba, kwenye ndege tungekuwa tumeshalala! Wateja wake wakatoka nje na sabuni mashavuni. Nikaimba wimbo wa dini kwa sauti. Beti mbili nilizimaliza. Wa tatu, uji wa asubuhi ukaomba kushuka.

Lakini angalia vizuri. Kutapika nilitapika baada ya kushuka. Melini hakuna kushuka mpaka ufike. Kwa hiyo tatizo halipo! Nimemweleza Mawingu. Akaenda kujimwagia maji viatuni.

Kochi lilikuwa la mama mchungaji. Nimelisafisha. Mungu anajua.

Jumapili, 9 Machi

Andika siku hii, mjukuu wangu. Babu yako amejulikana.

Nilikuwa nimebakiwa na suala la maji. Wiki nzima nimeshona jaketi la kuelea. Nimelijaza sponji ya magodoro, nimelidarizi kwa mistari, kola imesimama. Ukiliona utadhani ni la nahodha. Fikiria, godoro zima la sponji mtu analibeba kichwani kwa mkono mmoja. Kitu chepesi namna hiyo kitazamaje?

Bibi yako alilibonyeza, akasema sponji inakunywa maji. Eti yeye ndiye anayefua mito ya makochi ya wateja, anajua inavyokuwa mizito ikilowa. Nikamwambia kufua ni kufua na kuelea ni kuelea.

Nikamwomba mchungaji nafasi ya kutoa shukrani kwa ajili ya safari. Alipokubali, nikamwomba na bwawa la ubatizo. Alisita. Nikamkumbusha kuhusu imani.

Kanisa lilijaa. Nikasimama, jaketi kifuani, nikawatangazia wote kwamba tarehe 22 mimi na mke wangu tunavuka bahari kwa meli kama watu, na kwamba asiogope mtu. Makofi! Mawingu alikuwa benchi la mbele. Nikamtazama. Nikaingia majini.

Nikaelea! Mungu shahidi, nilielea. Kwa muda wa kusema haleluya moja, nilikuwa juu kama jani. Kisha nikasikia jaketi linavuta pumzi. Lilianza kunywa. Lilikunywa kama ng'ombe aliyetoka safari. Nikashuka kidevu, nikashuka pua. Kwaya ilidhani ni sehemu ya ushuhuda, ikaongeza sauti.

Aliyeruka ni Mawingu. Na viatu vyake. Akaniambia sikioni nisimame. Nisimame tu, nishushe miguu. Nikashusha. Maji yalikuwa ya kiunoni.

Wazee wa kanisa wawili walilitoa jaketi, wakilikokota kama mtu mlevi. Mchungaji aliuliza, kwa upole wake, kama ningependa kubatizwa upya maadamu nimeshalowa. Mawingu akawaambia watu pale mlangoni kwamba kwenye ndege kazi yako ni kumtazama tu dada anayeonyesha milango ya dharura.

Hata hivyo, watu wote walinipa mkono. Wote! Ni mchungaji gani amewahi kupewa mkono na kanisa zima?

Jumanne, 11 Machi

Mama yako amepiga simu. Daktari amebadili hesabu. Unakuja mapema, pengine wiki hii hii. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama alivyokuwa akiniita zamani akiota ndoto mbaya. Akauliza mama anakuja lini. Hakuuliza kuhusu meli.

Bibi yako akaweka pasi chini. Akasema kesho kutwa, kwa ndege, sote wawili.

Mjukuu wangu, nilifikiri sana. Nakwambia ukweli, mguu mmoja ulishasimama. Lakini kiti je? Kibaki huku, mama yako akunyonyeshee kwenye kigoda? Na kanisa je? Nimetangaza mbele ya kwaya! Mawingu angenisindikiza uwanja wa ndege huku anacheka njia nzima. Nikamwambia bibi yako atangulie, mimi nitafuata na meli, lazima mtu mzima aambatane na mzigo.

Hakunigombeza. Akaniuliza tu kama mkasi mdogo wa kufumulia uko karakanani. Nikamwambia uko droo ya juu. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemsindikiza bibi yako. Mawingu alikuja, hakualikwa. Alibeba sanduku na kumfundisha jinsi ya kufunga mkanda, kumeza mate masikio yakiziba, na kuomba kiti cha dirishani. Bibi yako akamsikiliza. Alimsikiliza! Mimi aliniambia nisisahau kula. Alipofika mlango wa ndani aligeuka, akapunga mkono, na nikaona amevaa viatu vyake vya harusi za watu. Nilijisikia fahari. Pia kitu kingine, lakini kilipita.

Nikarudi karakanani nikufunulie kiti chako nikifute vumbi. Nikavuta shuka.

Kiti kiko uchi!

Kitambaa chote cha kijani hakipo. Kimefumuliwa kwa ustadi, uzi kwa uzi, hakuna hata palipochanika. Imebaki sponji, mbao na mikanda, kama kuku aliyenyonyolewa. Nikampigia bibi yako nimuulize. Simu haipatikani. Yuko angani na ngozi ya kiti changu!

Mawingu alichungulia, akakitazama kiti, akanipa pole. Halafu akasema mke wangu ni fundi kunizidi. Nimemkataza kukanyaga karakanani kwangu mpaka atakapoomba radhi.

Jumamosi, 15 Machi

Umezaliwa!

Msichana! Mzima! Mama yako mzima! Bwana asifiwe, asifiwe tena!

Bibi yako alifika jana, na leo alikuwa pale pale, mkono wa mama yako mkononi mwake. Mimi nilikuwa karakanani, napigilia kochi la watu. Alinishikia simu karibu na mdomo wako ukalia. Sauti gani hiyo! Nikamwita Mawingu aje asikie, nikasahau kwamba nimemkataza. Tukaisikiliza wote wawili, vichwa vimegusana, yeye na mashine yake ya kunyolea inavuma mkononi. Machozi yalinitoka. Sponji ina vumbi sana.

Jioni ikaja picha, mmesharudi nyumbani. Mama yako amekaa, wewe kifuani, umefumba ngumi. Na kiti alichokalia ni cha kijani! Vifungo vyangu! Kumbe bibi yako alimwambia mama yako apime kiti cha pale nyumbani, naye alipofika akakivisha kitambaa changu, akakaza kwa sindano huku na huku. Kimekaa sawasawa, ingawa bega la kushoto limevuta kidogo. Mimi nisingeliacha hivyo.

Nimeionyesha picha mtaa mzima. Nimemwonyesha mchungaji. Nimemwonyesha mpita njia aliyekuwa anauliza njia. Kiti changu kimevuka bahari! Sema mwenyewe, ni fundi gani mwingine?

Mawingu naye aliitazama. Akasema, taratibu, kwamba basi kilichobaki huku ni mbao na sponji, na mbao na sponji huko zipo. Sasa mzee, meli ya nini? Nikamwambia akanyoe watu.

Jumatatu, 17 Machi

Dada wa ofisi ya safari amepiga simu asubuhi. Meli ina hitilafu, inatengenezwa, haitaondoka tarehe 22. Labda mwisho wa Aprili. Kwa heshima akanishauri nipande ndege. Nafasi ipo keshokutwa. Alhamisi mzee ungekuwa umembeba mjukuu, akasema.

Bibi yako naye akapiga, hata hatukuwa tumepanga. Anasema unakunja uso kama mimi nikipoteza sindano. Anasema mama yako ameuliza baba anakuja lini. Akasema na shemeji Mawingu ameshamwahidi atanifunga mkanda mwenyewe mpaka kwenye kiti, akiruhusiwa kuingia.

Nikasema tusiharakishe. Nikaingia chumbani, nikaomba.

Jibu likaja papo hapo. Meli!

Maana huku kuchelewa si bure, mjukuu wangu. Mungu amenipa muda! Kiti kimoja kitawatosha vipi? Wewe, mama yako, bibi yako, nani akae wapi? Nimeshaanza kuchora kochi la watu watatu. La kijani lile lile. Hilo bibi yako hawezi kulitia sandukuni. Na jaketi nimeligundua kosa lake: sponji ilikuwa nyembamba. Nitaiweka mara mbili. Mchungaji bado sijamwambia, lakini ubatizo ujao uko Jumapili ya Pasaka, bwawa litakuwa limejaa tayari.

Nimeibandika picha yako juu ya cherehani. Kila nikiinua macho, ngumi hizo.

Sasa nina ombi moja. Mwambie mama yako apime upana wa mlango wa mbele, na kona ya kuingilia sebuleni, kwa futi ya chuma, siyo ya kitambaa. Unijibu upesi, tafadhali. Babu yako hawezi kukata mbao mpaka asikie kutoka kwako.