Petekia za Hina

Jumatano, 3 Oktoba 1956. Chumbageni.
Mshenga wangu karudi mikono mitupu. Mzee Abrahamu atatoa jibu la posa Jumapili baada ya misa, lakini moyo wake uko kwa Zebedayo, dresa wa dispensari. Eti binti yake Bibiana anastahili msomi. Msomi! Mfunga vidonda! Mimi karani wa mkonge, napiga taipu vidole vyote kumi, sionekani. Nimekwenda kwa Padre, Mtaliano, kuomba neno moja zito la kitabibu. Kanipa petekia: vidoa vidogo vya damu chini ya ngozi, ukivibonyeza havififii. Neno lilitoka kwao Italia. Anasema bibi yake aliziita hivyo hata alama za viroboto. Habari ya viroboto sitaitaja popote.

Alhamisi, 4 Oktoba.
Mpango tayari. Kila Ijumaa mzee Abrahamu husafishwa kidonda dispensari. Nitafika na vidoa, Zebedayo atababaika, nami nitalitaja neno mbele ya mkwe. Nimekwenda Ngamiani kwa Bi Mwanamkasi, fundi wa kuwapaka hina maharusi. Nikampa shikamoo, nikanyoosha mikono. Kauliza tangu lini bwana harusi wa Kikristo akapakwa hina, tena vitone vitone! Nikamwambia ndio mtindo wa siku hizi. Kaniapia hina yake haitoki siku kumi. Safi kabisa!

Ijumaa, 5 Oktoba.
Lo! Zebedayo alisema ni upele. Nikapaza sauti imfikie mzee: petekia, bwana, ukizibonyeza hazififii! Mzee akanigeukia kwa heshima. Sijapata kufurahi namna ile. Zebedayo akachukua gilasi, akavibonyeza vidoa kwa kitako cha gilasi. Hazikufifia. Akabonyeza tena. Wapi! Akakiri kwamba nimesema kweli, na kwamba petekia zikija na homa kali, mtu hafiki Jumatatu, na huenda akaambukiza wengine. Nilikuwa natoka jasho kwa hofu. Akasema ndiyo homa yenyewe. Nimefungiwa chumba cha peke yangu. Nimekiri kuwa ni hina. Zebedayo kaandika kwenye karatasi yangu: mgonjwa ameanza kuweweseka.

Jumapili, 7 Oktoba.
Godoro lina viroboto. Sasa ninazo petekia za bibi yake Padre, mwili mzima. Baada ya misa wamekuja dirishani: Padre na mafuta ya mpako wa mwisho, mzee Abrahamu, na Bibiana analia. Analia kwa ajili yangu! Nikafumba macho, nikakohoa kidogo. Mzee akaanza kusema kwamba laiti kijana huyu angepona, yeye kwa mikono yake angempa... Hapo akatokea Bi Mwanamkasi na bakuli la uji. Kasikia bwana harusi wake anaumwa. Akapenyeza mkono kwenye nondo, akaushika wangu, akautazama, akawatangazia wote kwa furaha kwamba hina imekolea.
Bibiana aliacha kulia. Masikio yananiwaka mpaka sasa.

Jumatatu, 8 Oktoba.
Nimetolewa. Bibiana kapewa Zebedayo. Mzee kasema hataki mkwe anayejipaka maradhi. Nimeumia, sitaficha. Nimekula kiapo: hila basi.
Lakini harusi ni baada ya Krismasi. Muda upo. Nilikwenda kumwomba Padre radhi, na kwa kuwa nilikuwa pale pale, nikamuuliza mwili ukigeuka njano madaktari huuitaje. Ikterusi, la Kigiriki. Anasema lilikuwa pia jina la ndege wa manjano. Neno tamu sana!
Dada yangu Yudith anapiga kelele jikoni, anauliza nani kamaliza bizari ya manjano.