Uzinduzi wa Mchezo wa Dakika Tano

Kwa furaha kubwa, na baada ya vikao vya kutosha, wakazi wa Kibamba walitangaziwa kwa kipaza sauti kwamba kuanzia Jumamosi watoto wao wangeruhusiwa rasmi kucheza nyumbani.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo kabla Ofisi haijalisaidia. Mama Lusungu, mwalimu wa chekechea, alikuwa na kawaida ya kuwatandikia mkeka bintiye na watoto wa jirani wakati maharage yakichemka. Mtoto anachomoa kitu kikapuni, anatamka sauti ya kwanza ya jina la kitu hicho kwa Kiingereza, wenzake wanampigia makofi. Anayeropoka kwenye zamu ya mwenzake anakwenda kukaa juu ya ndoo mpaka mchezo uishe. Dakika tano tu, kisha maharage yanaongezwa maji.

Bwana Adelard, jirani yake, aliupenda mchezo huo kwa dhati, akaupeleka ofisini kwake. Huko ukanenepa. Ukaitwa Mkakati Jumuishi wa Michezo ya Haraka ya Sauti za Kiingereza Ngazi ya Kaya. Ndoo ikawa Kituo cha Tafakari. Mkurugenzi Deogratias, mpenzi wa maneno mazito, akaongeza kwa mkono wake kwamba kanuni ya Kituo itamhusu kila mshiriki bila kujali cheo, wala haitatenguliwa na yeyote isipokuwa Mratibu.

Mratibu ndiye Adelard, ila alikuwa bado Kaimu. Ukaimu huo aliupata mwanawe hajaota meno. Sasa mtoto yuko shule ya msingi na ameanza kuyang'oa. Kila alipoulizia kuthibitishwa, Mkurugenzi alimjibu kwa upole, "Suala lako limepokelewa. Linafanyiwa kazi." Lilimuuma sana, na usiku mwingine alikosa usingizi kwa ajili yake. Ofisini alitabasamu, kwa kuwa kutabasamu ni sehemu ya majukumu ya Kaimu.

Jumamosi ikafika. Watoto walikalishwa mkekani tangu asubuhi kumngoja mgeni rasmi, maana mchezo wa haraka hauanzi kienyeji. Mkurugenzi alifika jua likiwa utosini. Wakubwa wakatambulishwa, risala ikasomwa, itifaki ikazingatiwa. Kisha, kwa ajili ya picha, akaombwa aketi na watoto awe mshiriki wa heshima, naye akakubali.

Lusungu, binti wa miaka minne, akachomoa kijiko. Akavuta pumzi atamke.

"Kabla hujasema, mwanangu," Mkurugenzi akaingilia, "nami niseme mawili matatu." Akaanza kufafanua mchango wa kijiko katika maendeleo ya kaya.

Lusungu alimvumilia kidogo, kisha akainuka na kumshika kidole.

"Babu, umeongea zamu yangu. Nenda kwenye ndoo."

Mkurugenzi akacheka, akatazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. Simu zote zilikuwa juu zikirekodi. Nyuma yake lilining'inia bango la uzinduzi, na maneno yake mwenyewe yalikuwa hapo kwa herufi kubwa: bila kujali cheo. Akaenda, akakaa, magoti yakamfika kifuani.

Mchezo ukanoga. Kwa mara ya kwanza siku hiyo ikasikika sauti ya Kiingereza, na kila kikapu kilipoisha watoto walikijaza upya, kwa sababu hakuna aliyetaka mchezo uishe. Jua nalo likamhamia Mkurugenzi kiparani.

"Adelard," akanong'ona. "Nitoe hapa."

"Natamani sana, mkuu. Lakini kutengua ni kazi ya Mratibu. Mie ni Kaimu tu."

Ndoo ikalia chini yake. Mkurugenzi akafikiri, akajifuta jasho, akafikiri tena. Hatimaye akaomba kipaza sauti na, akiwa palepale, akautangazia umma kwamba Bwana Adelard amethibitishwa kuwa Mratibu kuanzia saa hiyo. Mama Lusungu akapiga vigelegele. Adelard alilengwa na machozi, wala hakuyaficha. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa muda mrefu mno. Mke wake hakuwapo kuiona, akajuta kutomleta.

Kisha akafunga vifungo vya koti na kumwinamia Mkurugenzi kwa heshima zote.

"Suala lako limepokelewa, mkuu," akasema kwa upole. "Linafanyiwa kazi."