Ombi la Kurudisha Hodi Kwenye Ukurasa wa Binti Yangu

Cimpunda, Bukavu

Kwako Papa Gérard, mukubwa wa biro, ile ofisi ya ordinatere, zile kompyuta, kule Ibanda,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na kiti chako kinachozunguka. Mimi ni Maman Adolphine, mama muzazi wa Charlène, yule musichana mwenye akili mliyemuweka kuandika maelezo ya mashine. Nasikia na wengine hapo biro wana akili. Sijapata ushahidi, lakini sipingi.

Charlène amenieleza kazi yake, na mimi niliyeishia sixième primaire, darasa la sita tu, nimeelewa mara moja. Kuna mashine zenye akili, mnaziita ajenti, zinatumika ndani ya ordinatere. Mumezipa chombo kidogo: ajenti ikitaja dosiye fulani, yaani folda munamowekea maandishi, chombo kinachungulia ndani na kutoa majina ya vitu vilivyomo, basi. Hakifungui, hakigusi. Mutoto wangu ndiye aliandika ukurasa wa kuifundisha ajenti namna ya kukitumia. Niliusoma mbele ya wamama wote wa korali ya kanisa, hata wale waliokuwa wameshaaga kurudi kwao. Yuko bado kwa majaribio, na ukurasa huo ndio mutauangalia kuamua kama anabaki kazini.

Halafu wewe, na masomo yako mengi, ukaukata. Kwa hiyo nalalamika:

1. Umeondoa mustari uliosema: kabla ya kuchungulia dosiye ya mutu, piga hodi, ungoje uitikiwe. Uliandika pembeni kwamba mustari huo hauna kazi. Asante kwa kutufundisha. Sisi huku Cimpunda nyumba zimebanana mpaka jirani akipiga chafya unamupa pole bila kuinuka kitandani, lakini hakuna anayeingia bila hodi. Kumbe huko Ibanda, kwenye ukuta murefu na mulinzi, mutu anaingia tu kama mbuzi.

2. Umeuacha palepale mustari unaosema dosiye ikiwa tupu, ajenti itamke wazi kwamba haina kitu. Papa Gérard, nani alikulea? Kwetu mugeni akikuta chungu kitupu, anaambiwa sombe, mboga ya majani ya muhogo, bado inatwangwa. Anaelewa, anasimulia kidogo habari za Kavumu, anaaga, na heshima ya kila mutu inabaki. Wewe unataka mashine itangaze njaa ya watu kwa maandishi.

3. Vitu vilivyofichwa ndani ya dosiye havitajwi mpaka ajenti iviombe kwa makusudi. Hapo sina lawama. Hapo naona malezi yangu, maana kila mama ana sahani ambazo si kila mugeni anaziona. Nimekuandikia namba hii ya tatu ili ujue mimi si mutu wa kulalamika tu.

4. Mashine isiyopiga hodi leo inachungulia dosiye. Kesho itachungulia masufuria. Kesho kutwa itajua nani katika parokia alikula nyama Ijumaa Kuu, ndoa zitavunjika, na watu watauliza nani alikata ule mustari. Nitawaonyesha mulango wako. Usiogope, wao watabisha hodi.

5. Naomba basi mustari urudi, kwa herufi kubwa, na Charlène awe mukubwa wa kurasa zote. Kama unamufukuza kwa sababu ya adabu, andika hivyo hivyo kwenye barua yake. Nitaitundika sebuleni.

Usalimie madame wako, watoto, mulinzi, mama anayewapikia chai, na ajenti yenyewe. Kosa si lake, ni la waliomulea.

Ni mimi, niliyemuzaa aliyeandika,
Maman Adolphine

N.B. Nilipomaliza hapo juu, Charlène alirudisha ule mustari kwenye ordinatere yake ili nijionee. Tuliituma ajenti kwenye dosiye moja. Ikapiga hodi kwa Kifaransa safi, mimi nikatoka machozi. Halafu ikangoja. Dosiye haiitikii. Nikasema karibu, nikasema tena kwa nguvu, mpaka jirani Euphrasie akaingia na kukaa. Mashine haijasogea. Hapo Charlène akaniambia kwamba ni yeye mwenyewe alikuomba uukate, maana aliuandika kwa sababu nilimusimamia mgongoni. Basi Papa Gérard, acha ukurasa kama ulivyo, na umubakize mutoto. Lakini kama hapo biro kuna anayejua namna ya kuiitikia, aiambie iingie. Ninaona haya kumuacha mutu mwenye adabu amesimama nje.