Msonge wa Kuazima

Jumanne, 8 Julai

Loveness mjukuu wangu, kama unasoma hapa umelipata daftari kwenye sanduku la vitenge, na kama umelifikia sanduku basi umekuja. Miaka sita hujaja! Hata paka niliyempeleka Soni akale panya wa huko alirudi ndani ya wiki, tena kwa miguu. Wewe una nauli.

Leo umepiga simu. Unakuja Jumamosi na wasomaji wawili wa kitabu chako, mtakaa siku saba. Siku saba! Nikakaa juu ya ndoo. Halafu ukasema wageni wanatamani kuiona nyumba ya bibi wa kitabuni. Nikasimama.

Shule sikuiona, lakini Mzee Tobia alinifundisha herufi ukubwani, kwenye kisomo, na ndiye aliyenisomea kitabu chako chote. Bibi wa humo anaishi kwenye msonge wa nyasi. Anachota maji mtoni kwa mtungi, anapikia mafiga, ukungu unaingia kwake kama mgeni mwema. Hachoki. Haumwi mgongo. Mimi nina bati la bluu, bomba uani na jiko la gesi ulilonitumia kwa basi. Ukungu wangu unaozesha nguo kambani.

Wageni wakiona bati watasema umewadanganya. Utaona aibu. Mwenye aibu harudi. Basi nimeamua: kitabu hakikufanana na nyumba, nyumba itafanana na kitabu.

Jumatano, 9 Julai

Msonge uliobaki huku ni mmoja tu, wa wifi yangu Beatha, dada wa marehemu babu yako. Anafugia mbuzi. Nimekwenda kuuazima.

Kaniweka mlangoni makusudi. Kanikumbusha kwamba siku nilipoezeka bati nilimwambia nyasi ni chakula cha ng'ombe. Nikasema sikumbuki. Nakumbuka. Akakubali kwa sharti moja: mbele ya wageni, bibi wa kitabuni awe yeye. Eti kitabu kinasema bibi ana pengo la mbele.

"Wifi, hebu fungua kinywa tumwone mwenye pengo," akasema.

Nikafunga kinywa. Meno yangu yote yapo, kwa bahati mbaya. Tumekubaliana awe bibi mdogo, akae pembeni, anyamaze. Beatha, anyamaze.

Alhamisi, 10 Julai

Mbuzi watano tumewahamishia sebuleni kwangu. Nimezoa samadi mpaka kiuno kikagoma. Jiko la gesi liko uvunguni. Bomba nimelikaza kwa koleo, koki ikakatikia mkononi. Haidhuru, bibi wa kitabuni hana bomba.

Nikaenda mtoni na mtungi. Sijabeba maji kichwani tangu bomba lije. Kwenye mteremko wa kabichi za Mzee Tobia nikateleza, mtungi ukatangulia. Akaniuliza nafanya nini nimelowa na sweta, na baridi hii ya Julai. Nikamwambia naishi kama zamani. Akasema zamani hiyo anaijua, hakuna aliyefukuzwa huko, wote tulikimbia wenyewe.

Mtungi ule mama yangu aliufinyanga akiwa na mimba yangu. Nimeokota vigae vyote, nimevifunga kwenye kanga. Leo siandiki zaidi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimejaribu mafiga. Moshi umenitoa machozi, na kwa kuwa nilishaanza nikamalizia na mengine ya siku nyingi.

Jioni nimeingia nyumbani kwangu kimyakimya, mbuzi wananitazama, nikatandika kitanda chako cha chumba cha nyuma. Mablanketi mawili. Lile la mistari, ulilokuwa ukilinyonya pindo, liko juu. Kitabuni hakuna kitanda hicho. Nimekitandika tu.

Jumamosi, 12 Julai

Umekuja.

Mimi niko ng'ambo kwa Beatha, mlangoni pa msonge, nimevaa kaniki, nimeshika ungo mtupu. Wewe ukapita moja kwa moja hadi kwenye bati la bluu. Nakusikia unabisha hodi, unaniita bibi, bibi, na mbuzi wanakuitikia kutoka sebuleni. Ilibidi nipige kelele hadi ukageuka.

Ukaja mbio. Ukapiga goti, ukasema shikamoo. Umekonda. Nikakushika mkono, sikuuachia hadi chai ilipochemka, na kwa kuni mbichi chai haichemki haraka. Nashukuru kuni.

Wageni wako, Rukia na mumewe Jafari, waliufurahia msonge mpaka wakaupapasa. Beatha alinyamaza kama dakika mbili. Halafu akawaambia nusu ya kitabu ilitoka kinywani mwake, wakalitazama pengo, wakaamini.

Kisha wakasema watalala humohumo, kama kitabuni. Mgeni haachwi alale peke yake pasipo pake, nilikufundisha mwenyewe. Umelala nao. Kitanda chako nimekwenda kukiangalia usiku huu. Hakuna aliyekigusa.

Jumapili, 13 Julai

Mbuzi walihama, viroboto hawakuhama. Rukia ana vipele hadi shingoni. Jafari anakohoa moshi. Wakaomba maji ya kuoga, nikawaonyesha koki iliyokatika. Wanarudi leo, na wageni ni wako, huwezi kuwaacha njiani wakiwa wagonjwa. Siku saba zimekuwa moja.

Wakati wanapakia mizigo ulikuja kukaa nami kizingitini, nyumbani kwetu. Nikakuomba msamaha kwa ajili ya bati. Ukauliza bati limefanya nini. Nikasema halimo kitabuni.

Ukainua macho ukalitazama bati.

"Bibi, bati niliacha kuliandika makusudi. Kijiji cha kitabuni hakiniulizi nitarudi lini. Hiki kinaniuliza kila mvua ikinyesha."

Ukasema Dar mvua ikipiga bati la jirani hupati usingizi, unalitaka blanketi la mistari. Ukaahidi Krismasi, peke yako, ulale chumba cha nyuma uisikie mvua.

Nilikuwa na mengi ya kukuambia. Nikakuambia uchukue viazi. Nimesimama hadi gari lilipozama konani, kisha nikasimama tena kidogo, kwa sababu pale kona mara nyingine gari huonekana mara ya pili.

Jumatatu, 14 Julai

Nimemaliza mipango kabla ya uji. Mzee Tobia anasema Krismasi huenda mvua isinyeshe. Hilo si tatizo. Mpira wake wa kumwagilia kabichi tumeuvuta kutoka mferejini hadi juu ya paa, nao una matundu mazuri sana. Tumejaribu. Mlio ni wa mvua kabisa. Umelowesha kitanda chako, lakini dirisha ndilo lililokuwa wazi, si kosa la mpango. Beatha atapiga karai awe radi. Anataka kwenye kitabu kijacho atajwe kwa jina, nimekubali kwa niaba yako. Safari hii hakuna kinachoweza kuharibika.

Kwa hiyo sikiliza, mjukuu wangu. Ukija Krismasi, usipite kwa Beatha, njoo moja kwa moja. Mlango hautafungwa. Ukisikia mvua juu ya bati, vuta blanketi, lala. Usifungue dirisha.